Dakika Tatu za Isimila

Kamera hii haina kioo cha kukuonyesha sura yako.
Inakazwa kwa ufunguo, kama saa ya mezani,
na ukibonyeza inaunguruma, krrr,
sauti ya cherehani ya mama pale Kihesa
akikunja pindo la sare za shule.
Mkanda ni dakika tatu.
Muda wake uliisha kabla sijazaliwa.
Niliununua kwa fundi redio Miomboni
pamoja na kamera, na buibui aliyehamia nyuma ya lenzi.

Kwa hiyo nilikuwa bahili.
Korongoni, Juni, upepo unakata masikio,
niliwaacha wanafunzi wa Mafinga wapite.
Nguzo pia niliziacha. Nguzo hazina haraka,
mvua imezichonga kwa miaka ambayo Kivamba, mtembeza wageni,
huitaja kwa namba tofauti kila siku
na hakuna aliyewahi kumdai chenji.

Waliokuja saa tano walikuwa sita.
Bibi mwenye fimbo mbili za chuma.
Kijana aliyejipiga kwa simu, mgongo kwa nguzo,
mara ishirini, akitafuta uso anaoukubali.
Na bwana mrefu, kofia ya ukili
bado ina karatasi ya bei.

"Itatoka lini?" akaniuliza bwana wa kofia.
Nikasema labda Agosti. Labda isitoke.
Akacheka, akanipa elfu mbili ya pole.

Nikakaza ufunguo. Krrr.
Bibi anainama. Kivamba ananyanyua shoka la jiwe,
anaonyesha linavyokaa kiganjani,
kidole gumba hapa, makali kule,
kana kwamba ameliazima tu
na mwenyewe atalifuata jioni.
Krrr. Kofia. Kivuli cha kofia.
Mkanda ukaisha, ukapigapiga ndani kama nondo.

Usiku nikausafisha kwa kahawa ya Mbozi,
magadi, na vidonge vya vitamini nilivyoponda kwa chupa ya soda,
ndani ya ndoo, chini ya blanketi,
mlango umezibwa kwa khanga.
Mama Chengula akauliza kupitia ukutani
nani anachemsha kahawa saa saba, kuna msiba?
Nikasema hakuna msiba.

Asubuhi niliuanika kwenye kamba, kati ya soksi.
Kwenye negativu kila cheupe ni cheusi:
Kivamba amekuwa mzungu,
anga la Isimila ni lami.
Nikauvuta mbele ya balbu, picha kwa picha,
kwa lenzi ya kuazima ya fundi saa.
Bibi anainama. Kivamba anageukia nguzo.
Na bwana wa kofia
(jicho langu lilikuwa pale pale kwenye kidirisha, na halikuona)
anachutama kama wa kufunga kiatu.
Picha kumi na mbili: mkono unashuka.
Picha tisa: kiatu hakina kamba.
Picha saba: mfuko wa koti unajaa.

Sekunde mbili hazifiki.

Kivamba alitazama, akarudia kutazama.
"Walishatoka Ruaha. Sasa hivi wako angani."
Kisha, kwa sauti ya chini:
"Ofisini watauliza kwa nini sikuhesabu."
Katika kitabu cha wageni kuna jina, kuna nchi,
na kwenye safu ya maoni: Pazuri sana.

Barua tumeandika. Ina mhuri. Haijajibiwa.
Lakini usiku, umeme ukiwepo,
naushika mkanda kwa ncha ya mwisho
na kuuvuta kwa kurudi.
Mfuko unapungua.
Mkono unashuka umejaa, unapanda mtupu.
Bwana anasimama, anaondoka kinyumenyume,
yeye na bei ya kofia yake,
na jiwe liko chini, mchangani,
pale alipoliweka yule wa kwanza alipochoka.

Nazima balbu hapo,
kabla ya mtu yeyote kuinama.